Shokapu Laini za Pikipiki: Kuinua Si Kukaza

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba hutangulia na barabara hufuata baadaye. Huko Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, na huko Wazo, Madale na Mabwepande upande wa Kinondoni, njia nyingi zinazoachana na lami ni za mchanga au za udongo. Kila masika, kati ya Machi na Mei, maji ya mvua huzichimba makorongo mapya. Daladala haiwezi kufika katika kila kichochoro, lakini bodaboda hufika. Tangu mwaka 2010, zilipotungwa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, chombo hiki kimekuwa sehemu rasmi ya usafiri wa mji.

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika vijiwe vya bodaboda ni kwamba shokapu za mbele ni laini mno. Dereva akikamata breki, pikipiki huinama mbele kama mtu anayetaka kuanguka kifudifudi, na gurudumu likiingia shimoni husikika mgongano wa chuma kwa chuma. Mafundi wana dawa tatu zinazojulikana sana: kuweka washa au kipande cha bomba juu ya springi, kukata springi, na kujaza oili nzito zaidi. Aghalabu dawa zote tatu huitwa kwa jina moja, yaani "kukaza shokapu". Lakini kwa mujibu wa fizikia, dawa hizo ni tatu kweli kweli. Kila moja hutibu ugonjwa wake, na moja ikitumiwa mahali pa nyingine yaweza kuleta madhara.

Jambo hili si la starehe ya safari peke yake. Shokapu iliyokwisha mwendo wake huwa sawa na fimbo ya chuma. Ikiwa imekwisha wakati breki imekamatwa, shimo linalofuata hulipiga gurudumu, usukani na mikono ya dereva moja kwa moja, na tairi huweza kuruka na kuacha ardhi. Tairi isiyogusa ardhi haiwezi kupunguza mwendo wala kugeuza njia.

Yaliyomo ndani ya shokapu

Shokapu ya mbele ya pikipiki ni mirija miwili, mmoja ukiingia ndani ya mwingine. Mrija wa juu umeshikwa na vibano chini ya usukani. Wa chini umeshika ekseli ya gurudumu. Ndani yake mna vitu vitatu: springi ndefu ya chuma, oili, na hewa iliyobaki juu ya oili. Mpango huu umedumu kwa muda mrefu. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliutumia katika pikipiki yake ya R12 ya mwaka 1935, ambayo shokapu zake za mirija zilitulizwa kwa oili, na pikipiki nyingi za leo hufuata mpango huo huo.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kina kazi yake. Springi hubeba uzito. Oili hutuliza mtikisiko. Hewa huisaidia springi, hasa shokapu inapokaribia mwisho wa mwendo wake. Anayetaka kurekebisha shokapu hana budi kwanza kujua ni kipi kati ya hivyo vitatu kinachopungukiwa.

Hesabu ya breki moja

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huisoma: urefu ambao springi huongezeka au hupungua huwiana na kani inayoivuta au kuibana. Kani ikiongezeka mara mbili, badiliko la urefu nalo huongezeka mara mbili. Idadi ya nyutoni zinazohitajika ili kuifupisha springi kwa milimita moja ndiyo inayoitwa ugumu wa springi.

Ichukuliwe pikipiki ya mfano yenye springi mbili za mbele, kila moja ikiwa na ugumu wa nyutoni 5 kwa milimita. Kwa kuwa springi hizo zinafanya kazi bega kwa bega, ugumu wake kwa pamoja ni nyutoni 10 kwa milimita. Mwendo wote wa shokapu, kutoka juu hadi chini, ni milimita 120. Fundi alipozifunga, kila springi ilibanwa milimita 20 kabla haijabeba kitu chochote. Huu ndio mbano wa awali, nao ni sawa na kani ya nyutoni 200.

Pikipiki hiyo ina kilo 120, dereva ana kilo 65, na abiria ana kilo 65. Jumla ni kilo 250. Sehemu kubwa ya uzito wa abiria huangukia gurudumu la nyuma, kwa hiyo ichukuliwe kuwa springi za mbele hubeba nyutoni 800. Kati ya hizo, 200 za kwanza zimekwisha kukabiliwa na mbano wa awali. Zilizobaki, yaani 600, huzifupisha springi kwa milimita 60. Pikipiki ikiwa imesimama tu kituoni, nusu ya mwendo wa shokapu imekwisha kutumika.

Sasa dereva anakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na mtoto anakatiza njia. Dereva anasimama katika umbali wa mita 10. Mwendo wake umepungua kwa kiasi cha mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, na kani ya breki ni 250 × 5, yaani nyutoni 1250. Kani hiyo hufanya kazi chini, mahali tairi zinapogusa ardhi, ilhali kitovu cha uzito kiko juu, tuseme sentimita 65 kutoka ardhini. Ndiyo maana chombo huinama. Ikiwa ekseli mbili zimeachana kwa sentimita 130, mzigo unaohama kutoka nyuma kwenda mbele ni 1250 × 65 ÷ 130, yaani nyutoni 625.

Ili kubeba nyutoni 625 zaidi, springi zinahitaji kufupika milimita 62.5 zaidi. Lakini mwendo uliobaki ni milimita 60 tu. Shokapu imegonga chini kabla ya kukutana na shimo lolote.

Hesabu hii imerahisishwa. Shokapu za kweli zimelala kidogo, na hewa iliyomo ndani imeachwa kwanza. Hata hivyo inaonyesha wazi kiini cha tatizo: katika barabara mbovu, breki na shimo hugawana mwendo mmoja wa shokapu, na breki ikiula wote, shimo halibakiziwi kitu.

Kazi ya washa

Fundi anaongeza kipande cha bomba chenye urefu wa milimita 20 juu ya kila springi. Mbano wa awali sasa ni milimita 40, sawa na nyutoni 400. Pikipiki iliyosimama na abiria wake hushuka milimita 40 badala ya 60. Breki ile ile ikikamatwa, shokapu hushuka milimita 62.5 nyingine, hufika 102.5, na hubakiza milimita 17.5.

Bila shaka dawa imesaidia. Lakini msomaji aangalie vizuri: mshuko unaosababishwa na breki haukubadilika hata kidogo. Ulikuwa milimita 62.5 na bado ni 62.5. Springi haikuwa ngumu zaidi, bali pikipiki imeanza safari yake ikiwa juu zaidi. Washa huinua, washa haikazi.

Basi washa ni dawa ya ugonjwa upi? Springi iliyotumika kwa miaka mingi mara nyingi husemwa kuwa "imelegea". Kwa kweli ugumu wa springi hutokana na aina ya chuma, unene wa waya, upana wa springi na idadi ya mizunguko yake, na mambo hayo karibu hayabadiliki kwa uzee. Kinachobadilika ni urefu: springi nzee huwa fupi. Springi ikiwa imepoteza milimita 15, kipande cha bomba cha milimita 15 huirudishia hali yake ya kwanza. Hapo washa ndiyo dawa sahihi, tena ya bei nafuu.

Ubaya huja dozi inapozidishwa. Mbano wa awali ukifikishwa milimita 80 katika pikipiki yetu ya mfano, springi hukabili nyutoni 800, uzito wote wa mbele. Pikipiki haishuki kabisa inaposimama. Wengi hufurahi wakidhani kwamba hiyo ndiyo shokapu ngumu. Lakini gurudumu linahitaji pia nafasi ya kushuka ili liufuate mtaro unapotokea. Shokapu isiyoshuka chini ya uzito haina nafasi hiyo: gurudumu huning'inia juu ya kila shimo, kisha huangukia ukingo wa upande wa pili. Mafundi wengi hukadiria kwamba uzito wa kawaida ushushe shokapu kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya mwendo wake wote. Katika mfano huu ni milimita 30 hadi 40.

Kuikaza springi kweli kweli

Ili springi iwe ngumu, ni lazima umbo lake libadilike. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa ugumu hufuata kipeo cha nne cha unene huo. Waya ukiongezwa kutoka milimita 4 hadi 4.4, ambayo ni sehemu moja tu ya kumi, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 46. Hii ndiyo sababu springi mbili zinazofanana machoni zaweza kutofautiana sana kazini, na ndiyo sababu ya kuzipima kabla ya kuzinunua.

Njia ya pili ni kupunguza mizunguko. Springi ndefu ni kama springi fupi nyingi zilizopangwa juu ya nyingine: kila mzunguko hutoa sehemu yake ya mfupiko. Mizunguko ikipungua, mfupiko hupungua. Springi ya mizunguko 40 yenye ugumu wa nyutoni 5 ikikatwa ibaki na mizunguko 32, ugumu wake huwa 5 × 40 ÷ 32, yaani nyutoni 6.25 kwa milimita. Springi mbili kwa pamoja hutoa 12.5. Urefu uliokatwa hujazwa kwa kipande cha bomba, na mbano wa awali huachwa kuwa milimita 20 kama mwanzo, yaani nyutoni 250.

Matokeo ni haya: kwa uzito wa nyutoni 800, shokapu hushuka milimita 44. Breki huongeza milimita 50, si 62.5 tena. Jumla ni 94, na mwendo uliobaki kwa ajili ya shimo ni milimita 26. Hapa kuna ukazaji wa kweli, kwa kuwa mshuko wa breki wenyewe umepungua.

Lakini msumeno hauna huruma. Tuseme pengo kati ya mzunguko na mzunguko ni milimita 6. Springi ya mizunguko 32 ina jumla ya mapengo ya milimita 192, nayo inahitaji 140 tu, yaani mwendo wa 120 pamoja na mbano wa 20. Inatosha. Fundi akiikata ibaki na mizunguko 20, jumla ya mapengo ni milimita 120, pungufu kuliko inavyohitajika. Mizunguko itagusana na kuwa kama bomba moja la chuma kabla mwendo haujaisha, na waya utachoka na kuvunjika. Tena, springi isikatwe kwa moto wa kulehemu, maana joto kali huharibu ugumu uliotiwa katika chuma kiwandani. Msumeno wa chuma, au jiwe la kusagia huku ikipozwa kwa maji, ndio unaofaa.

Iangaliwe pia kwamba springi nyingi za pikipiki zina mizunguko iliyosongamana upande mmoja na iliyoachana upande mwingine. Hiyo si hitilafu. Mizunguko iliyosongamana hugusana mapema, ikaacha kufanya kazi, na springi ikawa ngumu kadiri inavyobanwa. Katika springi ya namna hii hesabu iliyo hapo juu haitoshi, na kuikata bila kupima ni kubahatisha.

Oili haibebi mzigo

Dawa ya oili nzito ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Oili ndani ya shokapu husukumwa kupitia matundu madogo. Kani ya kuipitisha hutegemea mnato wa oili na kasi ya mwendo. Kasi ikiwa sifuri, kani hiyo nayo ni sifuri. Kwa hiyo pikipiki iliyosimama na mzigo wake itashuka milimita zile zile, iwe oili ni nyepesi kama mafuta ya taa au nzito kama asali. Nzito itachelewa tu kufika.

Mtu akiisukuma shokapu yenye oili nzito kwa mkono, huisikia ngumu, akaridhika. Barabarani mambo hugeuka. Katika rasta zilizoachana kwa nusu mita, pikipiki inayokwenda mita 10 kwa sekunde hupigwa mara 20 katika sekunde moja. Baada ya kila pigo shokapu ina sehemu moja ya ishirini ya sekunde ya kurudi juu. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, hairudi kwa wakati. Pigo la pili huikuta chini kidogo, la tatu chini zaidi, na baada ya mapigo machache shokapu imeshuka kama mtu ashukaye ngazi. Dereva hulalamika kwamba shokapu inagonga, fundi huongeza uzito wa oili, na ugonjwa huzidi kwa sababu ya dawa.

Oili nzito kidogo huhitajika pale ambapo pikipiki, baada ya kuvuka tuta, huendelea kupanda na kushuka mara kadhaa bila kutulia. Springi ikikazwa kweli, mtikisiko wake nao huwa wa haraka zaidi, na huenda oili ikahitaji kubadilishwa ili ilingane nayo. Oili hufuata springi; haichukui nafasi yake.

Msaada wa hewa

Hooke, kabla ya kutoa kanuni ya springi, alikuwa msaidizi wa Robert Boyle na ndiye aliyemtengenezea pampu ya hewa. Mwaka 1662 Boyle alitangaza kanuni yake: ujazo wa hewa ukipunguzwa nusu bila joto kubadilika, kanieneo yake huwa maradufu. Ndani ya shokapu, kanuni za bwana na msaidizi wake hukutana.

Tuseme juu ya oili kuna safu ya hewa ya milimita 180. Shokapu ikishuka milimita 120, safu hubaki 60, na kanieneo huwa mara 3 ya ile ya kwanza. Fundi akiongeza oili ile ile mpaka ipande milimita 30, safu huanza na 150 na kumalizia na 30, na kanieneo huwa mara 5. Lakini katikati ya mwendo, shokapu inaposhuka milimita 60, tofauti ni ndogo: mara 1.5 kwa ya kwanza, na mara 1.67 kwa ya pili. Maana yake ni kwamba kuongeza kimo cha oili huacha mwanzo wa mwendo ukiwa karibu vile vile, na kuukaza mwisho wake.

Hii ni faida kubwa kwa bodaboda. Wapanda pikipiki wa mashindano ya kupita juu ya mawe na magogo husumbuliwa nao na shokapu laini za mbele, lakini pikipiki zao za leo zina uzito wa kama kilo 70, na springi huchaguliwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana. Dereva wa bodaboda hubeba nafsi yake asubuhi, abiria mmoja baadaye, na jioni gunia la mkaa. Springi iliyokazwa kwa gunia itamrusha dereva aliye peke yake. Hewa hukaza pale tu panapokuwa na haja.

Hapa pia kipimo ni lazima. Safu ya hewa ikiachwa milimita 130, humalizia na 10, na kanieneo huwa mara 13. Sili za oili hazikutengenezwa kwa hali hiyo. Zitapasuka na oili itamwagikia breki.

Utaratibu ufaao

Kutokana na maelezo haya, fundi mwenye busara huanza kwa kuchunguza, si kwa kukaza. Huangalia kama sili zinavuja, kama mirija imepinda, na kama oili imechakaa. Huitoa springi na kulinganisha urefu wake na ule wa mpya. Kabla ya kufungua kifuniko cha juu, huinua gurudumu la mbele kutoka ardhini na kukifungua polepole akiwa ameweka uso pembeni, kwa sababu springi iliyobanwa huweza kukirusha. Ikiwa springi imefupika, huongeza bomba la urefu uliopotea. Ikiwa ni nzima lakini breki huizamisha, hutafuta springi ngumu zaidi. Ikiwa inagonga mwishoni tu, huongeza kimo cha oili kidogo kidogo. Hubadilisha jambo moja kwa wakati, na sawasawa katika shokapu zote mbili.

Hakuna shokapu iliyokazwa ipasavyo ambayo itahimili "mishikaki". Abiria wa pili na wa tatu huongeza uzito unaopaswa kusimamishwa, na mzigo unaohamia mbele wakati wa breki huongezeka pamoja nao.

Jaribio la darasani

Shule yoyote yaweza kuthibitisha jambo hili. Wanafunzi watafute springi kuukuu ya shokapu gerejini, waivishe kwenye bomba jembamba lililosimama wima ili isipinde, na juu yake waweke ubao wenye tundu. Urefu wa springi upimwe kwanza ikiwa na ubao peke yake. Kisha ndoo mbili zinazolingana zifungwe pande mbili za ubao, na kila mara litiwe maji lita mbili katika kila ndoo mpaka jumla ifike lita 20, huku urefu ukipimwa kwa rula. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu nyutoni 10. Grafu ya kani na mfupiko ichorwe, na mteremko wake ndio ugumu wa springi.

Kisha kipande cha bomba cha sentimita 2 kiwekwe juu ya springi, na vipimo virudiwe. Mstari wa grafu utakuwa na mteremko ule ule. Hatimaye mizunguko michache ikatwe, na vipimo virudiwe mara ya tatu. Safari hii mteremko utabadilika. Mwanafunzi aliyeiona mistari hiyo mitatu kwa macho yake, kisha akapita kijiweni akiulizwa maana ya kukaza shokapu, atakuwa na jibu litakalomfaa dereva na abiria wake.